Siku Nane za Kuisikiliza Pikapu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimeisikia tena! Leo asubuhi, nikipeleka kochi la watu watatu kwa mteja, mara tu baada ya kituo cha mafuta, pale barabara inaponyooka. Kata-kata-kata-kata. Kavu, ya haraka, kama mtu anayetikisa maharage kwenye sufuria. Nikapunguza mwendo ili niisikilize vizuri. Ikanyamaza. Nikaendelea na safari. Ikarudi. Nikapunguza. Ikanyamaza. Kelele gani hii? Ukiitegea sikio inajificha!

Nieleze hali ilivyo, nisije nikasoma siku moja nisijielewe. Mimi ni fundi makochi. Pikapu si yangu. Ni ya baba mkwe, dereva mstaafu, miaka thelathini na moja kwenye malori, na daktari wa macho amemwambia sasa basi. Miezi mitatu iliyopita aliniachia funguo, akasema ananitazama. Jumapili hii anakuja kuiendesha mara ya mwisho, aisikilize kwa masikio yake, halafu aamue nani abaki nayo moja kwa moja. Ni mimi au mwanyumba wangu, yaani yule bwana aliyemwoa dada wa mke wangu. Mwanyumba ni mwalimu wa fizikia. Anachomekea shati hata akiwa nyumbani kwake. Sisemi zaidi.

Bila pikapu narudi kwenye mkokoteni. Miaka sita nimesukuma makochi kwa mkokoteni. Mgongo wangu haujasahau hata siku moja ya miaka hiyo. Siwezi kurudi huko. Siwezi!

Kwa hiyo kelele ni lazima ipatikane kabla ya Jumapili.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anafuta trei za mayai (anafuga kuku mia mbili wa mayai). Akatabasamu, akaanza kusema kwamba hiyo kelele, unajua, baba... Nikamwomba asubiri kidogo, nilikuwa naiandika isinitoke kichwani. Nilipoinua macho alikuwa ameshaingia ndani. Nadhani alitaka kunitisha na baba yake. Asijisumbue. Natishika mwenyewe.

Nadharia ya kwanza: kelele inatoka kituo cha mafuta. Labda pampu zao.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Si kituo cha mafuta. Nimepita barabara ya upande wa pili wa mji, ile inayoelekea chuoni, na nayo imenyooka. Kata-kata-kata! Kwenye mitaa yetu ya mashimo, kimya. Kwenye lami nzuri, kelele. Gari gani linalalamika kwenye barabara nzuri? Nadharia ya pili: halipendi lami.

Nikaenda kwa Fundi Sikio. Anaitwa hivyo kwa sababu anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. Nikamweleza. Akaniomba niiige hiyo kelele. Nikaiiga. Akasema nirudie kwa sauti. Nikarudia. Mafundi wengine wawili wakaacha kazi wakaja. Mmoja akasema hizo ni bushi. Mwingine akasema bushi hazisemi hivyo, huo ni mpira wa kushikilia injini umekatika. Wakabishana robo saa nzima juu ya sauti ya mdomo wangu, na boneti bado haijafunguliwa.

Mwishowe Sikio akaingia kwenye gari, akaizungusha uani mwa gereji mara mbili kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu chini. Kimya. Akasema gari ni zima, labda mimi ndiye nina kelele. Akaniuliza kama nalala vizuri.

Nikakataa kuondoka. Akalala chini ya gari ili kuniridhisha. Mara akapiga ukelele. Akatoka na spana namba kumi na mbili. Ilikuwa juu ya giaboksi! Ni yake, ameitafuta tangu mwaka jana, na kijana mmoja alishasimangwa kwa ajili yake mpaka akahama gereji. Akaibusu. Akanishukuru mimi.

Furaha yangu haikuwa na mfano. Kelele imepatikana! Nikaondoka naimba. Nikafika pale penye kituo cha mafuta, barabara ikanyooka, nikakanyaga mafuta kwa raha zangu.

Kata-kata-kata-kata.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mawazo yangu mazuri hunijia nikinyoa ndevu. La leo limenifanya nijikate.

Ni hivi. Kelele ni mtikisiko. Mtikisiko huvunja mayai. Basi weka trei ya mayai kila pembe ya bodi la nyuma, endesha, kisha hesabu. Pembe iliyovunja mayai mengi ndiyo yenye ugonjwa. Nani mwingine angefikiria hivyo? Mwalimu? Hata!

Nilichukua trei nne bandani. Nilikusudia kumwomba mke wangu ruhusa, lakini alikuwa anaogesha mtoto.

Matokeo, kama nilivyoyaandika kando ya barabara: mbele kushoto, manne. Nyuma kushoto, kumi na moja. Nyuma kulia, tisa. Mbele kulia, trei nzima! (Ni kweli trei hiyo iliruka kwenye tuta ikaenda kumwangukia mbwa, lakini lazima ilikuwa na sababu ya kuruka.) Hitimisho: ugonjwa uko mbele kulia, upande wa dereva. Nimeikaribia!

Mke wangu hakuyapokea matokeo kwa moyo wa utafiti. Alisimama akitazama bodi la nyuma kwa muda mrefu, mikono kiunoni. Kisha akaniuliza swali moja tu: kelele inapoanza, ninakuwa nakimbia kiasi gani? Nikamwambia nitajuaje, wakati mshale wa mwendo wa gari la baba yake umelala kwenye sifuri tangu kabla hatujaoana? Na isitoshe, mimi natafuta kelele, sitafuti mwendo. Akacheka. Akasema haya bwana, tafuta, ila siku nikitaka kujua nimuulize tu. Niulize, akarudia. Nikamuuliza kama amenisamehe kwa mayai. Akasema si hilo. Sasa ni lipi? Wanawake wana mafumbo.

Alasiri baba mkwe akapiga simu. Akauliza habari za nyumbani, za kuku, za mtoto. Halafu, taratibu: na gari je, linasema? Nikadanganya bila kupepesa. Nikamwambia hapana, baba, kimya kabisa, kimya kama maji mtungini, miezi mitatu halijasema hata neno.

Akarudia, hata neno? Nikajua nimekwisha. Kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake: hongera sana, mwanangu, kumbe wewe ni mtu makini.

Makini! Mimi! Miaka saba nimemwoa binti yake, jina zuri kuliko yote aliyowahi kuniita ni "huyu". Nilikaa na simu mkononi nikiitazama. Sijui nimefanya nini, lakini nimefanya vizuri.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mpango wa leo ni wa hali ya juu. Nauandika kwa fahari.

Ikiwa kelele haitapatikana, basi iwe ya mtu mwingine. Nikamwita mwanyumba, nikamwambia mimi si mchoyo, gari ni la familia, achukue pikapu leo akafanyie mambo yake. Baba anajua kutoka mdomoni mwangu kwamba liko kimya. Likirudi na kelele, nani ameliharibu? Sikumwambia sehemu hiyo.

Mwalimu akaja, shati limechomekwa, kalamu tatu mfukoni. Akanishukuru sana. Nusura nimwonee huruma.

Saa kumi akarudi na karatasi ya grafu. Grafu! Kumbe simu yake ina kitu cha kupima sauti. Akanionyesha vilima vyekundu na vya buluu, akaniambia kila chuma kina mtikisiko wake wa asili, na gari likifika mtikisiko huo, bodi zima huitikia. Nikasema ndiyo. Akasema ni jambo la kuvutia sana. Nikasema ndiyo, hasa pale penye kilima chekundu. Nikamwangalia kwa masikitiko, nikamwambia asubuhi halikuwa na kelele yoyote, sijui amelifanya nini.

Akajibu kwamba ameshampigia baba simu kumweleza, kama inavyompasa mtu mwaminifu, kuwa gari limepiga kelele kutoka hapa mpaka chuoni na kutoka chuoni mpaka hapa, bila kupumzika.

Nikauma mdomo kwa ndani nisicheke. Amejimaliza mwenyewe! Nikamuuliza, kwa upole, baba alisemaje. Mwalimu akakunja uso. Akasema baba alimwambia: "Polepole, Mwalimu. Una watoto."

Polepole ya nini? Hakuelewa. Nami sikuelewa. Tukasimama uani tukitazamana, na kwa mara ya kwanza tukawa wanyumba kweli, tumeoa nyumba moja na hatumwelewi mkwe mmoja.

Halafu akasema atakuja Jumapili na simu yake ya kupima. Upendo ukaisha.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimefungua dashibodi yote. Redio, kabati la karatasi, kila kitu. Nimekuta bizari iliyoganda, kadi ya kliniki ya mke wangu ya ujauzito, na nzi wengi waliokufa kwa amani. Kelele sijaikuta.

Nikairudisha. Zimebaki skrubu saba. Nimetafuta zilikotoka, sikupaona, na gari linakwenda tu bila hizo. Nimezitia mfukoni mwa koti langu la kazi zisipotee.

Nikaijaribu barabarani. Kelele ipo palepale. Nimekaa kando ya njia nikiinamia usukani. Niseme ukweli, maana hii shajara haisomwi na mtu: nimeanza kusahau habari ya Jumapili. Nataka tu kujua. Nikila najiuliza ni nini. Nikishona mto najiuliza ni nini. Mteja ananieleza rangi anayotaka, nami naitikia huku nawaza, je, ikiwa ni kitu kidogo, ni kidogo kiasi gani? Kilifikaje humo? Nani alikitia?

Mke wangu amepita, akasimama dirishani, akaniuliza kama nimekumbuka kuuliza. Nikamwambia nimeuliza kila fundi mjini. Akaenda zake.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimekuwa mjinga! Siku tano nahangaika na bisibisi za watu, mayai ya watu, grafu za watu, na mimi ni nani? Fundi makochi! Kila kinachogonga duniani kimekosa sponji tu. Kochi likilia, sponji. Kitanda kikilia, sponji. Sasa pikapu ina damu gani?

Mke wangu ameondoka na mayai kwenda sokoni. Nikatoa gunia zima la vipande, vile vinavyobaki nikikata mito. Sikuhitaji kujua kelele iko wapi. Hapo ndipo penye uzuri wake! Nikalegeza kava za milango kidogo, nikashindilia sponji kwa mpini wa ufagio mpaka zikakataa. Nyuma ya kiti, sponji. Chini ya dashibodi, sponji. Mlango wa dereva ulikula kuliko yote, kwa heshima ya mayai. Kila nikisukuma unapokea, kuna mahali pana uwazi mzuri humo ndani. Kuna kitu kigumu kidogo nilikigusa kwa mpini. Nikakizungushia sponji pande zote, nikapaka gundi, nikafunga.

Barabarani. Kituo cha mafuta. Lami imenyooka. Nikakanyaga.

Kimya.

Nikakanyaga zaidi. Miti ya pembeni ikaanza kukimbia. Kimya! Kama nimekaa sebuleni! Nikapiga honi peke yangu kwa furaha, mwenye baiskeli akaingia kwenye majani.

Nimeshinda. Mkokoteni kwaheri. Mwalimu na grafu yake kwaheri.

Lakini mbona sina raha? Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma na gundi vidoleni, najiuliza. Kelele imekufa na sijawahi kuiona uso. Ilikuwa nini?

Mke wangu alirudi, akaona gundi, akauliza nafanya nini. Nikasema kesho ataona. Akasema hata yeye ana jambo la kuniambia kuhusu baba na safari ya kesho, sasa imetosha, nikae nimsikilize. Nikamwambia kesho, mpenzi, kesho kila kitu kitajisema chenyewe.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Niandike yote, kwa mpangilio, hata yale yanayouma.

Baba mkwe alifika saa nne, kofia yake ya udereva kichwani, viatu vimeng'aa. Akaizunguka pikapu akiipapasa. Akafuta usukani kwa leso. Akasema leo anaiaga. Machozi yalimlengalenga kidogo, akasema ni jua.

Tukakaa mbele watatu: yeye kwenye usukani, mke wangu katikati, mimi dirishani. Mwalimu hakuwa na nafasi, na nyuma kulikuwa na kochi la mtu mmoja ambalo mteja analisubiri. Akakaa juu ya kochi, shati limechomekwa, simu ya kupimia mkononi. Alionekana kama waziri.

Tukatoka. Mitaani alikwenda vizuri, taratibu. Tukafika kwenye kituo cha mafuta. Barabara ikanyooka. Baba akainamisha kichwa upande wa mlango wake, kama mtu anayesubiri kuitwa. Akaongeza mwendo. Akasikiliza. Kimya. Akaongeza. Akasikiliza. Kimya. Nikatabasamu nikitazama nje. Akasema gari limekuwa zito siku hizi, haliendi. Akaongeza.

Mke wangu akageuka kunitazama, macho yamemtoka. Akasema, "Baba, kelele..." Nikamfinya mkono. Asiniharibie! Akasema tena, "Baba, hebu..." Nikamfinya zaidi, nikamwambia sikioni anyamaze, baba anasikiliza. Miti ilikuwa inapita ovyo. Nyuma nikasikia sauti ya Mwalimu ikitaja Mungu, jambo ambalo halimo kwenye fizikia.

Askari wa barabarani akatokea, mwanamke mrefu, mkono juu. Baba akasimamisha gari kwa heshima zote, akamsalimia. Askari akasema tisini na nne. Baba akauliza tisini na nne nini. Mwendo, mzee, akajibu.

Baba akacheka. Akasema haiwezekani. Akaeleza kwa fahari kwamba miaka thelathini na moja hakuna askari aliyewahi kumsimamisha kwa mwendo, hata mmoja, muulize yeyote. Askari akamwonyesha kile kifaa chake. Baba akakisogeza karibu na macho, akakisogeza mbali. Namba ilikuwa ileile. Nikaona uso wake ukibadilika, na nilitamani ardhi inimeze, ingawa bado sikujua kosa langu ni lipi.

Akageukia mlango. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Mbona hukusema?" akauambia.

Akashuka. Akatoa sarafu mfukoni, akafungua kava ya mlango, skrubu moja moja, kwa mkono ambao umeshafanya kazi hiyo mara nyingi. Sponji yangu ikamrukia. Ikatoka vipande vipande, njano, buluu, kijani, ikajaa barabarani, upepo ukaichukua. Akaingiza mkono mpaka kwenye bega. Akavuta. Akatoa kopo la maziwa ya unga, limening'inia kwenye waya, limevikwa sponji na gundi kama mtoto mwenye baridi. Akachana sponji. Akalitikisa.

Kata-kata-kata-kata.

Nikapiga kelele, "Ndiyo hiyo!" Nisamehewe. Siku saba nimeitafuta! Nilikuwa na furaha ya kweli kwa muda wa kama sekunde mbili.

Mke wangu ndiye aliyeeleza, kwa askari, kwa Mwalimu aliyekuwa bado ameshika mikono ya kochi, na kwangu. Mshale wa mwendo ulipokufa yeye alikuwa na miaka tisa. Baba yake hakupata mwingine wa aina ile. Basi akachukua kopo, akatia nati tatu, akalitundika mlangoni kwa waya, akawa anaurefusha na kuufupisha siku nzima mpaka akapata kipimo. Gari likifika sitini, mlango unatetemeka na kopo linasema. Likisema, unapunguza. Yeye ndiye aliyemaliza maziwa ya kopo hilo kwa kijiko, na yeye ndiye aliyeshika waya.

Kwa hiyo "linasema?" ilikuwa na maana hiyo. Nilipojibu kimya miezi mitatu, baba alisikia kwamba hapa pana mkwe ambaye hajawahi kupita sitini. Mtu makini. Na Mwalimu alipotoa ripoti yake ya uaminifu, baba alisikia kwamba huyu amekwenda mbio mpaka chuoni na kurudi. Polepole, una watoto.

Nilikuwa nimeshinda tangu Jumatano! Nilichotakiwa kufanya ni kutokufanya kitu!

Askari akaliomba kopo, akalitikisa mwenyewe mara mbili, akasema ni akili nzuri sana. Kisha akaandika kosa. Baba akatia sahihi yake kwa herufi ndogo ndogo, akaenda kukaa kwenye kochi la mteja, tulilokuwa tumelishusha Mwalimu apate kutapika kwa nafasi. Akakaa pale kando ya lami na kofia magotini. Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Aliniuliza tu kama ilikuwa kweli, ile ya Jumatano. Nikasema hapana, baba, nilidanganya, lilikuwa linasema kila siku. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Akatoa bahasha mfukoni mwa shati. Barua ya kukabidhi gari, na kadi ya gari ndani yake, kila kitu kimeshaandikwa. Akaomba kalamu kwa Mwalimu. Mwalimu akampa haraka, amejaa matumaini, maskini. Baba akakata jina lililokuwapo. Nililiona kabla halijakatwa. Lilikuwa langu, lote, kwa herufi kubwa. Juu yake akaandika la binti yake.

Mke wangu akalitundika kopo mahali pake, akakaza waya, akajaribu kwa kidole. Akakaa kwenye usukani. Kumbe anajua kuendesha! Alijifunzia gari hilihili, akiwa na miaka kumi na sita. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akawasha gari.

Baba akakaa mbele naye. Sisi wanyumba tukarudi nyuma, wawili kwenye kochi la mtu mmoja. Kimya njia nzima. Sisi na kopo.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Siku mpya. Nimekubali yaliyotokea. Mimi ni mtu wa kujifunza.

Mkataba na mwenye gari umeandikwa na kubandikwa jikoni: asubuhi mayai, mchana makochi yangu, yeye akiendesha. Mkokoteni hautajwi. Ana moyo mzuri, sikumstahili. Nilimwambia hivyo wakati wa chai. Na nikamwahidi kwamba kuanzia leo, jambo lolote la gari nitamuuliza yeye kwanza. Akasema tutaona.

Mchana tukapakia kochi la yule mteja (limesafishwa). Nikavaa koti langu la kazi, nikapanda. Anaendesha vizuri mno, chini ya sitini mwanzo mwisho, kopo halikupata hata nafasi ya kukohoa. Nilikuwa nimetulia kabisa, naangalia madirisha ya watu.

Halafu nikaisikia. Nyingine! Ndogo, nyembamba, ya kijanja. Chiki-chiki. Chiki. Kila tukipita tuta, chiki-chiki-chiki. Nikamwomba asimamishe gari. Akasimamisha. Nikashuka, nikalizunguka gari. Jambo la ajabu kuliko yote niliyowahi kuandika humu: nikitembea mbele ya gari, inasikika mbele. Nikitembea nyuma, inasikika nyuma. Nikisimama, inanyamaza. Na injini imezimwa! Hii si kelele ya kawaida. Inahama.

Mke wangu ametoa kichwa dirishani. Ananiangalia mfuko wa koti. Anasema yeye anajua ni nini.

Nimemwambia anyamaze kidogo, nasikiliza.